Slaidi ya Jumamosi

Yule binti alifika hospitalini kwetu mwezi wa Juni, kahawa ikiwa imeiva, amekaa kiti cha mbele cha lori la misheni na amepakata sanduku la hadubini mpya. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa maabara na ndoo ya kuoshea slaidi. Akashuka, akaliweka sanduku chini taratibu, akakunja goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikaitika. Macho yangu yalikuwa kwenye sanduku.

Maabara ile ilikuwa yangu. Hakukuwa na karatasi iliyosema hivyo, lakini ilikuwa yangu. Niliingia hospitalini nikiwa nimemaliza darasa la saba tu, nikaajiriwa kufagia. Sista mzee aliyekuwa anapima akaona ninavyochungulia kazi yake kila nikipita na ufagio, akaniita, akanikalisha mbele ya hadubini ya kioo, ile inayochukua mwanga wa jua dirishani. Akanifundisha malaria, minyoo, choo, mkojo, makohozi, maji ya uti wa mgongo. Alipozeeka akarudi kwao Ulaya, nikabaki peke yangu miaka minane. Watu waliotoka Maguu na Mbuji hawakusema wanakwenda maabara, walisema wanakwenda kwa mama yule. Walifika dirishani kwangu, tukaongea Kimatengo, nikawapa kopo, wakarudi na kopo, nikawapa jibu.

Binti alikuwa na stashahada. Alikuwa Mnyasa wa Mbamba Bay, kule ziwani, Mwanglikana, amesoma miaka mitatu Dar es Salaam. Wiki ya kwanza meza yangu ilihamishiwa kwenye kona karibu na sinki, kwa sababu hadubini mpya ilihitaji kuwa karibu na swichi ya umeme wa jenereta. Wiki ya pili daktari, aliyezoea kuingia na kuniuliza, "Mama, umeona nini?", aliingia akanipita akasema, "Mtaalamu anasemaje?" Tangu hapo hospitali nzima ikamwita mtaalamu, hata wapishi.

Sikuwahi kumtukana. Wivu wangu haukuwa wa aina hiyo. Nilikuwa naitika salamu zake na nampa chai, kisha namwangalia. Nilijua saa anayofika, nilijua anashikaje kalamu, nilijua kuwa akichoka anasahau kufunika chupa ya rangi ya kupakia slaidi. Siku moja aliisahau, rangi ikaganda. Niliiona jioni ile ile ikiwa bado inaweza kuokolewa, nikaiacha. Asubuhi daktari akauliza kwa nini hakuna majibu ya makohozi, na binti akaomba radhi. Nilijisikia vizuri siku nzima.

Akirudi kutoka kwao alituletea samaki. Usipa wakavu, na mara moja mbasa mkubwa amefungwa kwenye majani. Mume wangu, mtu wa shamba ambaye hasifii ovyo, alimla mbasa yule mpaka kichwa akasema, "Huyu binti ana adabu."

"Samaki ana mchanga," nikasema.

"Mchanga uko wapi?" akauliza, akaendelea kula.

Basi ndivyo tulivyokuwa tukiishi pale alipoletwa mgonjwa nitakayemweleza.

Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, karani wa zamani wa chama cha ushirika huko Maguu. Miaka ile serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kununua kahawa, na malori yao yalikuwa yanapanda vijijini yakishindana, huku maghala ya ushirika yakifungwa moja baada ya jingine. Karani huyu alikuwa amepoteza kazi, kisha akapata kibarua kwa mmoja wa wanunuzi wapya. Alikuja akitembea, lakini akisimama kila baada ya hatua chache. Miguu ilikuwa imevimba. Alikuwa hawezi kulala chali; mkewe alisema wiki mbili analala ameketi, ameegemea gunia la mahindi. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama kama ya mtu anayenyanyua mzigo, na alikuwa amekaa tu.

Daktari wetu alikuwa mtu mzima, mpole, anayependa kutufundisha. Asubuhi kwenye kikao cha ripoti alitueleza. Alisema akiweka kipimo kifuani, mapigo anayasikia kwa mbali, kama moyo uko chumba cha pili. Alisema mgonjwa akivuta pumzi, mpigo wa mkononi unafifia. Kisha akainua picha ya eksirei dirishani: kivuli cha moyo kilikuwa cha mviringo, kimekaa kifuani kama kibuyu kilichojaa.

"Moyo umefunikwa na utando, kama mfuko," alisema. "Mfuko huu umejaa maji. Moyo hauna nafasi ya kufunguka. Tusipoyatoa, atakufa na moyo mzima ndani."

Aliyatoa kwa sindano ndefu, akiichoma chini ya mfupa wa kifua kuelekea bega la kushoto, polepole mno. Yalitoka maji ya rangi ya chai nyepesi. Binti akayapima. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: chembe nyeupe nyingi, vijidudu vya kifua kikuu havikuonekana. Daktari akasema huku kwetu, milimani na ziwani, maji kwenye utando wa moyo karibu kila mara ni kifua kikuu, na vijidudu vyake ni vigumu kuonekana kwenye maji hayo, kwa hiyo hatangoja. Kipimo cha ukimwi kilikuwa safi. Akamwanzishia dawa za TB, pamoja na vidonge vya prednisoloni vya kutuliza uvimbe wa utando. Karani akapata nafuu, akaenda nyumbani. Daktari akamsifu binti mbele yetu kwa majibu yaliyoandikwa kwa mpangilio. Mimi nilikuwa nimeosha vyombo vyote vya kazi ile. Hakuna aliyenitaja.

Baada ya wiki sita karani akarudishwa kwenye pikapu, hali mbaya kuliko mwanzo. Amekonda, homa haishuki, mfuko wa moyo umejaa tena. Hiyo ilikuwa siku ya Ijumaa. Daktari akatoa maji, binti akayapima mchana ule ule, akaandika majibu yale yale ya kwanza. Jumamosi alfajiri akateremka kwenda kwao, maana ilikuwa zamu yake ya mapumziko.

Nikabaki peke yangu, kama zamani. Chupa yenye maji yaliyobaki ilikuwa kwenye friji ya mafuta ya taa. Ningependa kusema nilikwenda kwenye chupa ile kwa sababu ya mgonjwa. Sikwenda kwa sababu hiyo. Nilikwenda kutafuta kosa lake.

Niliweka tone kwenye slaidi, nikaketi dirishani kwenye hadubini yangu ya kioo, nikageuza kioo mpaka jua likaingia sawasawa. Nikaona chembe nyingi za mviringo. Mtu mwenye haraka angesema ni chembe nyeupe za damu. Lakini chembe nyeupe za aina moja hulingana, na hizi hazikulingana. Moja ndogo, moja kubwa mara tatu. Nikasogeza. Nikaona moja imechipua kijichembe pembeni, kidogo kama kidole gumba.

Nilijua ni nini kabla sijanyanyua uso. Kabatini kulikuwa na kichupa cha wino mweusi alichoacha sista. Tulikuwa tunautumia kwa maji ya uti wa mgongo, kwa wagonjwa wenye kichwa kisichosikia dawa. Ukichanganya wino na maji, kila kitu kinakuwa cheusi, isipokuwa kuvu ya aina moja, ambayo imejivika ute mnene usiopitisha wino. Nikachanganya tone kwa tone, nikafunika. Hapo wakaonekana, kila mmoja yuko katikati ya duara jeupe, wametapakaa kwenye weusi ule mpaka ukingoni mwa slaidi.

Fangasi. Kwenye utando wa moyo. Sikuwa nimewahi kusikia jambo kama hilo, na sista hakuwahi kuniambia kwamba linawezekana.

Nilifurahi. Lazima niseme hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa. Mtu mwenye stashahada na hadubini ya umeme alikuwa amewahesabu wadudu hawa mmoja mmoja na kuwaita chembe nyeupe.

Daktari alikuwa wodini, hatua hazifiki hamsini. Nilifika mpaka mlangoni mwa maabara. Pale mlangoni nikaanza kufikiri. Nikimwambia sasa, atasema asante mama, atakwenda kwa mgonjwa. Jumatatu binti atarudi, atakuta jibu limesahihishwa, atasema samahani, na mambo yataisha kimya kimya tukiwa watu watatu. Mimi nilitaka awepo. Nilitaka kwenye ripoti ya Jumatatu, mbele ya manesi wote, matroni na mfamasia, aangalie kwenye hadubini kitu ambacho hakukiona.

Nikarudi ndani. Nikairudisha chupa nyuma kabisa ya friji. Slaidi nikaiziba kingo kwa nta ya mshumaa isikauke, nikaandika tarehe kwa penseli kama sista alivyonizoeza, nikaiweka kwenye kisanduku. Nikafunga mlango.

Jumapili baada ya Misa nilimkuta mke wa karani kwenye bomba la nje, anafua mashuka. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Aliacha kufua aliponiona.

"Dada, wewe unakaa kule kwenye vipimo," alisema kwa Kimatengo. "Wameona nini?"

"Majibu yako kwa daktari."

"Daktari ameongeza vile vidonge vidogo vyeupe. Jana jioni. Anasema pengine vilikuwa vichache."

Vidonge vidogo vyeupe vilikuwa prednisoloni. Nilijua vinavyofanya kazi, maana sista alinieleza: vinatuliza uvimbe, lakini vinawalaza walinzi wa mwili. Kwa mtu mwenye fangasi, ni kuwafungulia mlango. Nilikuwa nimeshika kitabu changu cha nyimbo. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikasema, "Mungu atasaidia," nikaenda nyumbani, nikapika ugali na maharage, nikala.

Jumatatu nilifika mapema, nikatengeneza slaidi mpya ya wino kutoka kwenye chupa. Nesi aliyetoka zamu akanipasha kwamba karani alizidiwa Jumapili alasiri, mpigo ukapotea mkononi, daktari akaitwa mbio akayatoa maji tena kwa sindano. Alikuwa hai. Nilimsikiliza huku nikifuta lenzi.

Kwenye ripoti nikanyoosha mkono, kitu ambacho sikuwa na kawaida ya kufanya. Nikaomba daktari aje aangalie, na mtaalamu pia aje, na wengine wakipenda. Wakaja wote. Daktari akainama kwenye hadubini, akakaa hivyo muda mrefu. Aliposimama alikuwa amevua miwani.

"Mtaalamu, hebu tazama."

Binti akatazama. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo ningeuona uso wake vizuri. Nilikuwa nimeungoja uso ule kwa siku mbili.

"Ni kuvu," alisema. "Niliwaona Ijumaa, daktari. Niliwahesabu pamoja na chembe nyeupe. Nilipaswa kuweka wino. Kosa ni langu."

Hakutaja uchovu, wala taa, wala jenereta. Alisema mbele ya wote, kwa sauti ile ile anayosomea majibu, kisha akanigeukia: "Asante, mama." Nikaona hata katika kukosea amenizidi, na wivu ulionipata dakika ile ulikuwa mkali kuliko wa siku zote zilizotangulia.

Daktari akaniuliza, "Mama, umewaona saa ngapi?"

"Leo asubuhi, daktari."

Akanishika bega. "Umemwokoa mtu," alisema.

Dawa yenyewe hatukuwa nayo. Daktari alikaa kwenye simu ya redio nusu siku. Duka la dawa la mtu binafsi lililofunguliwa mjini Mbinga lilikuwa na vidonge vya kila rangi, lakini siyo hiyo. Mwishowe rafiki yake aliyefanya kazi Mbeya akasema anazo chupa za amfoterisini, atazituma kwa gari mpaka bandari ya Kyela, zipakiwe kwenye meli ya ziwa mpaka Mbamba Bay. Tukaambiwa meli itafika Alhamisi. Wakati huo daktari alianza kumpunguzia prednisoloni kidogo kidogo, maana haiachwi ghafla, na akamwekea mpira mwembamba kwenye mfuko wa moyo ili maji yatoke yenyewe.

Na binti, badala ya kujificha kwa aibu, akawa anakwenda wodini baada ya kazi kukaa na mke wa karani. Kimatengo hakukijua vizuri. Walikuwa wanaongea Kiswahili cha polepole. Siku ya pili akaja na habari. Karani alikuwa amepewa kazi ya kusafisha ghala la zamani la ushirika, lililofungwa misimu kadhaa, njiwa wamejaa darini. Alifagia kinyesi chao kikavu wiki nzima, vumbi limejaa mpaka hamwonani, bila kitambaa puani. Kikohozi kilianzia hapo.

Daktari akatikisa kichwa kukubali. "Kuvu hii inakaa huko," alisema. "Aliivuta kwenye mapafu, ikapata njia ya kufika kwenye utando. Na mimi nikaipa prednisoloni."

Mwanamke yule alikuwa ameniuliza mimi, kwa lugha yetu, na sikumuuliza yeye kitu chochote.

Daktari akatutuma wote wawili Mbamba Bay. Binti kwa sababu anafahamiana na watu wa bandarini, mimi kwa sababu dawa ilitakiwa ibaki baridi na nilikuwa nimebeba masanduku ya chanjo miaka mingi. Tuliteremka Jumatano na Landrova ya hospitali, tumeweka sanduku la barafu katikati yetu. Hatukuzungumza sana. Ziwa lilipoonekana chini kupitia miti ya miombo akasema, "Pale ndipo nyumbani."

Mama yake alikuwa anaanua usipa kwenye vichanja. Aliponiona alifuta mikono kwenye kanga, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Ndiwe mama wa maabara? Karibu! Huyu mtoto akija hapa ni wewe tu. Anasema kuna mama kule juu, anasoma makohozi kwa kioo na jua, na hakosei. Anasema chuoni hawakumfundisha kama ulivyomfundisha wewe."

Sikuwa nimemfundisha kitu. Alikuwa ameniangalia tu, kama mimi nilivyokuwa nikimwangalia, ila yeye alikuwa anajifunza. Tulipewa ugali wa muhogo na mbelele, samaki wa ziwani, wa kuchemsha. Nilikula kidogo.

Alhamisi asubuhi meli haikufika. Tulikaa kwenye mawe karibu na gati, sanduku kivulini, wanawake wakiosha vyombo vyao majini na kutuamkia. Ilikuwa yapata saa tano. Binti alikuwa anachora kwa kijiti mchangani. Akasema bila kunyanyua kichwa:

"Mama, nimeiona slaidi ya Jumamosi."

Nikamwuliza slaidi gani, ingawa nilijua.

"Ile uliyoiziba kwa nta. Nilikuwa natafuta slaidi safi kwenye kisanduku. Ina tarehe."

Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa hasira. Nikamwambia, "Kwa hiyo umekwenda kumwambia daktari."

"Hapana."

"Utamwambia lini?"

"Sitamwambia." Akakitupa kijiti. "Ungeweza kunidharau, mama. Ungeweza kunisema mbele ya watu, nisingejibu, wewe ni mama yangu. Lakini yule baba alipotelewa na mpigo Jumapili. Ukitaka kunipiga mimi, nipige mimi. Usimtumie mgonjwa."

Hakupaza sauti. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaosha sufuria alitupungia mkono, na binti akampungia.

Nilitaka kumwambia juu ya ufagio, juu ya sista, juu ya meza yangu kwenye kona. Niliyapanga yote kichwani, na nilipoyapanga nikaona hayafiki popote penye yule mtu anayelala ameketi. Nikasema, "Sijui nikwambie nini."

"Basi usiseme," alijibu.

Meli ilipiga honi karibu saa saba. Akasimama, akaenda kuzungumza na makarani wa bandari, akarudi na boksi dogo lililofungwa kwa kamba. Nililipanga kwenye barafu mwenyewe.

Dawa ile ilikuwa ya unga wa manjano. Haichanganywi na maji ya chumvi, hugeuka mashapo. Ni maji ya glukosi tu. Tuliambiwa isipigwe na mwanga, hivyo nesi aliifunga chupa ya dripu kwa kitambaa cheusi. Ilishuka tone tone kwa saa nyingi. Siku ya kwanza, nusu saa haijaisha, karani akaanza kutetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta, meno yanalia, mkewe amemlalia miguuni kumzuia. Alidhani anakufa. Daktari alisimama pale pale, akapunguza kasi, akampa dawa ya kutuliza homa, akasema itakuwa hivyo na kesho, na keshokutwa, lakini ndiyo inayoua kuvu.

Inaua pia figo, usipoiangalia. Kila asubuhi mkojo wake ulipimwa ujazo, na binti alipima urea kwenye damu. Mara mbili urea ilipanda, dawa ikasimamishwa siku moja, akaongezewa maji, ikaanzishwa tena. Kazi yangu ilikuwa wino. Kila maji ya mfuko yalipotolewa, binti alinisogezea chupa akasema, "Mama, angalia wewe." Sikuwa nimeomba. Wiki ya kwanza maduara yalikuwa mengi. Wiki ya tatu nilihangaika kuyapata. Wiki ya tano maji yalitoka kidogo tu, na kwenye weusi ule sikuona kitu. Nikamwita naye aangalie. Tukazungusha slaidi pande zote. Hakuona kitu.

Karani alikwenda nyumbani akiwa na vidonge vya kumeza miezi mingine, na amri ya kutokanyaga ghala. Eksirei ya mwisho ilionyesha moyo wenye ukubwa wa moyo. Hakuweza tena kubeba gunia, lakini alitembea mpaka lango la hospitali bila kusimama.

Juma lile lile nilimwendea daktari ofisini. Binti hakunituma. Nilikuwa siwezi kupita mbele yake bila kuhisi mkono wake begani. Nilimweleza Jumamosi, mlango, chupa nyuma ya friji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuza kalamu mezani mara kadhaa.

"Niliongeza prednisoloni Jumamosi jioni," alisema. Hakuwa anaongea na mimi. Kisha: "Rudi kazini, mama." Kesho yake akabandika karatasi maabara: jibu lolote la hatari lipelekwe kwa daktari saa ile ile, na anayelipeleka aandike saa. Hakuandika jina la mtu. Hakuniita tena mwokozi, wala hakunifukuza, na kwa muda mrefu hakuniuliza nimeona nini.

Binti alikaa nasi miaka minne. Sitasema tulikuwa mama na mwana. Alipochaguliwa kwenda kusoma zaidi, nilimpikia, nikamfungia mahindi ya kuchoma ya kula njiani, na usiku wa kuamkia safari yake nililala vibaya kwa sababu ya kumwonea wivu. Ni aibu, lakini haukuniisha. Nilijifunza tu kuutambua unapokuja, na kutoufuata popote unaponipeleka.

Mke wa karani alikuja siku moja baada ya Krismasi na kuku na debe la kahawa ya maganda. Alisimama dirishani kwangu, anacheka. Alisema mumewe sasa anafundisha watoto wa kijiji mwandiko, na kwamba amekuja kumshukuru aliyemwona mdudu.

Ningeweza kupokea. Nilikuwa nimeshanyoosha mikono. Nikamwambia aingie ndani, nikamkalisha, nikamweleza kwa Kimatengo, taratibu, kwamba nilimwona mdudu yule Jumamosi na nikasema Jumatatu.

Kuku alikuwa anahangaika kwenye kikapu.

"Tulipoonana bombani," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Jumapili ile ndiyo aliniaga. Alinishika mkono akanitajia watoto mmoja mmoja, nimwangalie nani, nimpeleke nani kwa kaka yake." Alitazama chini. "Nilidhani hakuna mtu duniani anayejua anaumwa nini."

Aliinuka. Kahawa aliiacha, kuku akaondoka naye. Sijui kama alifanya hivyo kwa kukusudia au alisahau kuwa kikapu kiko mkononi. Tunakutana mpaka leo, sokoni Mbinga, na kwenye misiba. Ananisalimu, ananiuliza habari za nyumbani, nami namwuliza hali ya mzee. Anasema hajambo. Kisha anaaga, anaendelea na njia yake, na hajawahi kunikaribisha kwake.